UZI: Kupiga deki wodini kwa maikrofaiba – dekio lililogusa sakafu halirudi ndoni

Bapa45

Wakuu, uzi huu ni wa wasimamizi wa usafi, wauguzi wa kudhibiti maambukizi, watu wa dobi na yeyote anayeshika mpini wodini.

Madekio bapa ya maikrofaiba yamesambaa sana hospitalini. Tatizo ni kwamba mara nyingi yananunuliwa mawili matatu, yanatumbukizwa kwenye ndoo ileile ya dekio la kamba, yanakamuliwa, yanarudi sakafuni, chumba hadi chumba. Baada ya miezi michache inasemekana hayana tofauti na tambara. Kwa matumizi hayo, kweli hayana.

Tuanze na uzi wa dekio lenyewe, maana mengine yote yanatokana nao. Uzi huitwa maikrofaiba ukiwa mwembamba kiasi kwamba mita 10,000 zake hazifikishi gramu 1. Wa kusafishia huwa ni poliesta na poliamaidi, yaani nailoni, mara nyingi kwa uwiano wa 80 kwa 20 au 70 kwa 30, kisha unapasuliwa kiwandani ili uwe na kingo nyingi. Kingo zinakwangua, na upenyo kati ya uzi na uzi unanyonya maji pamoja na uchafu na kuushika. Kushika huko ndiko tunakolipia. Lakini kilichoshikwa hakitoki kwa kukamua: ukilirudisha dekio kwenye ndoo, kiasi fulani kinaachiwa na kuchafua maji, na kilichobaki unakihamishia chumba cha pili. Kwa hiyo dekio likishatumika chumba kimoja linaingia mfuko wa dobi. Basi.

Utaratibu wa chumba cha kawaida cha wagonjwa, kikiwa hakina damu wala mgonjwa aliyetengwa:

1. Sakafu ndiyo ya mwisho. Meza, vitanda, vishikio vya milango na swichi vifutwe kwanza, kwa sababu vya juu vinadondosha chini.
2. Weka kibao cha tahadhari ya utelezi. Sogeza viti na ndoo za taka. Kitu chenye ncha kali kikiwa chini, kiokote kwa koleo na ukitie kwenye kisanduku chake. Usikisukume kwa dekio.
3. Ondoa vumbi kwa dekio kavu la maikrofaiba. Fagio lisitumike wodini, linapeperusha vumbi hadi kwenye vitanda. Dekio kavu lisikung'utwe, kwa sababu hiyohiyo. Rundo la taka lizolewe kwa kizoleo.
4. Toa dekio lililoloweshwa tayari kutoka kwenye boksi lenye mfuniko, lilaze sakafuni, bandika fremu (kibao bapa cha mpini) juu yake kwa velkro.
5. Anzia kona ya mbali na mlango. Pita kingo zote za ukuta kwanza, kisha jaza katikati kwa mwendo wa S ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Ukingo wa mbele wa dekio ubaki mbele muda wote. Ukigeuza, unaumwaga ule uchafu uliokusanya. Kila mstari upande juu ya uliotangulia kwa sentimita 5 hadi 10. Usinyanyue dekio.
6. Choo cha chumba kina dekio lake, na kinapigwa baada ya chumba, si kabla.
7. Bandua kwa kukanyaga fremu au kwa mkono wenye glavu, tia kwenye mfuko wa vilivyotumika, vua glavu, safisha mikono, ndipo ufungue tena boksi la madekio safi.

Hatua ya 7 ndiyo inayorukwa kuliko zote. Glavu iliyobandua dekio chafu ikiingia kwenye boksi, madekio yote yaliyobaki mle si safi tena.

KamuaKavu

Mkuu, "lililoloweshwa tayari" ni maji kiasi gani? Wengine wanachovya hadi linachuruzika, wengine wanapulizia kidogo tu.

Bapa45

@KamuaKavu mizani ya jikoni inamaliza ubishi. Pima dekio kavu. Kwa usafi wa kila siku kwenye vinili au terazo laini, anza na maji yenye uzito wa mara moja na nusu ya dekio. Dekio la gramu 80 lipate ml 120. Likipigwa chumba chenye ukubwa wa kawaida, sakafu inatakiwa ibaki na unyevu unaoonekana ukiinama dhidi ya mwanga, bila madimbwi wala matone nyuma ya dekio. Likiwa zito kusukuma kabla hujafika nusu ya chumba, ongeza ml 20. Sakafu ikikaa na maji dakika nyingi, punguza. Mtengenezaji akiwa ameandika kiasi chake, fuata cha kwake kwanza.

Madekio 20 ya gramu 80 yanahitaji lita 2.4. Usiyamwage yote juu ya rundo, ya juu yatalowa chepe na ya chini yatabaki makavu. Panga matano, mwaga ml 600, panga matano mengine, mwaga ml 600, hadi yaishe. Funika, ligeuze rundo katikati ya muda, subiri dakika 20 kwa jumla. Loweka ya zamu hiyo tu. Yaliyobaki mwisho wa zamu yanakwenda dobi hata kama hayajatumika, na boksi linaoshwa, linakaushwa. Hakuna kuongezea maji mapya juu ya ya jana: bakteria kama Pseudomonas na Serratia wana tabia ya kuota kwenye unyevu wa namna hiyo, hata ndani ya dawa iliyopungua nguvu.

Mama_Toroli

Niongeze kidogo kuhusu vipimo. Fremu ya sm 40 hadi 45 ni ya vyumba. Ya sm 60 ni ya korido. Nyuma ya sinki la choo hiyo ya 45 haingii, tafuteni ya sm 25 au 30, la sivyo kona zile zinabaki hazijaguswa mwaka mzima huku ripoti ikisema choo kimepigwa deki.

Mpini ufike kidevuni kwa anayeutumia. Mkono wa juu unatulia, wa chini ndio unaoendesha. Mpini mfupi unapinda mgongo, na ndio maana watu wanakimbilia kuruka chini ya vitanda.

Na manyoya ya dekio: mafupi kwa sakafu laini, marefu yenye vitanzi kwa sakafu yenye mifereji ya vigae au iliyotiwa ukwaruzo wa kuzuia utelezi. Saruji mbichi isiyosuguliwa inayachana. Hapo sakafu ndiyo inayotakiwa kutengenezwa kwanza, dekio halina dawa yake.

Mdau_Mpya

Swali la mtu asiyejua: klorini inaruhusiwa? Kila mtu anasema lake.

KemiaYaNdoo

@Mdau_Mpya inaruhusiwa kwenye sakafu, lakini inaila maikrofaiba. Inayoshambuliwa zaidi ni ile nailoni. Dekio linakuwa gumu, linapauka, nyuzi zinakatika na kuacha manyoya. Poliesta inastahimili klorini vizuri zaidi. Kwa hiyo una njia tatu: nunua madekio ya poliesta tupu kwa maeneo ya klorini, tumia ya kutupa baada ya matumizi, au kubali kwamba yale ya mchanganyiko yatakufa mapema na uyatengee bajeti. Njia ya nne, ambayo ni kujifanya hujui, ndiyo inayotumika zaidi.

Hesabu ya kuzimua, kwa sababu ndipo makosa yanapoanzia: chukua asilimia iliyo kwenye chupa, gawanya kwa asilimia unayoitaka, toa 1. Unapata sehemu za maji kwa kila sehemu 1 ya dawa. Klorini ya 3.5% ukitaka 0.1%, yaani ppm (sehemu kwa milioni) 1,000: 3.5 ÷ 0.1 = 35, toa 1 = 34. Kwa ndoo ya lita 10 hiyo ni ml 286 za klorini, kisha jaza maji hadi lita 10. Ukitaka 0.5% kutoka chupa hiyohiyo: sehemu 6 za maji kwa 1 ya dawa. "Kifuniko kimoja" si kipimo.

Dawa iliyozimuliwa itengenezwe upya kila siku na ikae imefunikwa, mbali na jua. Isichanganywe na dawa za asidi za kung'arisha vyoo, inatoa gesi ya klorini. Isimwagwe juu ya dimbwi la mkojo pia: nyonya mkojo kwanza, kwa sababu klorini na amonia vinatoa mvuke unaokaba. Halafu uchafu wa kikaboni unaimaliza nguvu klorini, kwa hiyo sakafu ioshwe kwa sabuni kabla.

Jamii nyingine ni dawa za amonia kwatenari, tuziite kwati. Haziharibu maikrofaiba kama klorini. Ila pamba inazivuta kwenye nyuzi zake na kuzizuia zisifike sakafuni. Ndoo inapima sawa, kamba ya pamba inatoa maji yaliyopoa nguvu. Maikrofaiba ina tatizo hilo kwa kiwango kidogo zaidi, lakini pima: kamua dekio lililoloweshwa kwenye kikombe safi na uchovye karatasi ya kipimo humo. Wengi wanachovya ndoni, ambako jibu ni zuri siku zote. Na msizichanganye kwati na sabuni ya kawaida ya kufulia, zinauana.

NesiZamu

Hapa nina ubishi na Bapa45. Unasema unyevu mdogo, na lebo ya dawa nyingi inasema sakafu ibaki mbichi dakika 10. Sakafu yako inakauka baada ya dakika mbili tatu. Mnaua nini?

Bapa45

Haki yako, dada. Tufanye hesabu. Dekio likiachia ml 100 kwenye mita za mraba 20, ni ml 5 kwa kila mita ya mraba. Utando huo una unene wa maikromita 5. Hewa ikipita kidogo tu umeondoka. Kwa hiyo kupiga deki kwa unyevu mdogo ni kusafisha, yaani kuondoa vijidudu pamoja na uchafu wao. Kuua ni kazi nyingine.

Ukitaka kuua kwa dakika 10 unahitaji kama ml 20 kwa mita ya mraba, labda na zaidi kama kuna feni. Chumba cha mita za mraba 25 ni ml 500. Dekio la sm 45 lililojaa vizuri linaachia labda ml 150 hadi 200. Pima kabla na baada ya kulitumia utapata namba ya la kwako. Hapo ni madekio matatu kwa chumba kimoja, na mpangilio huo ni wa chumba cha kutengwa, chumba mgonjwa wa maambukizi sugu alipotoka, au chumba cha upasuaji mwisho wa siku. Njia nyingine ni kutafuta dawa yenye muda mfupi wa kugusana, dakika 1 hadi 3. Zipo.

Kosa ni kutia dawa kwenye dekio lenye unyevu mdogo na kuandika kwenye fomu kwamba sakafu imetakaswa.

KemiaYaNdoo

Na kwa vyumba vya kawaida kusafisha tu si uzembe. Mwaka 2007 mtafiti Rutala na wenzake Marekani walilinganisha: kwa sabuni pekee, maikrofaiba iliondoa 95% ya vijidudu sakafuni, dekio la kamba za pamba 68%. Walipotia dawa, la pamba lilipanda hadi 95%. La maikrofaiba lilibaki palepale kwenye 95%. Maana yake dekio la pamba lilikuwa linabebwa na dawa.

NesiZamu

Sawa, nimekubali kwa wodi ya kawaida. Kwa mgonjwa wa kuhara kwa sababu ya Clostridioides difficile sikubali. Spora zake, yaani umbo gumu bakteria anamojihifadhi, haziguswi na kwati wala spiriti. Pale ni klorini ya ppm 1,000 au zaidi au dawa nyingine inayoua spora, na muda wa lebo ukamilike.

KemiaYaNdoo

Hapo hatubishani.

Dobi_Mkuu

Naona watu wanapanga wodi nzuri halafu madekio yanakuja kwangu yamelala kwenye mfuko siku mbili, yananuka. Dekio chafu lenye unyevu likilala usiku kucha kwenye joto ni shamba la bakteria. Yafike siku hiyohiyo, kwenye mfuko uliofungwa, yakiwa yamebanduliwa uchafu mkubwa.

Kufua:

Yafuliwe peke yake. Taulo na shuka za pamba zinaacha manyoya, na maikrofaiba inayashika kama inavyoshika vumbi. Mengi ya madekio "yaliyochakaa" yamejaa manyoya ya pamba tu.

Mashine isijazwe zaidi ya robo tatu. Yakibanana maji hayapiti katikati.

Suuza ya kwanza iwe ya maji baridi. Damu na protini vikikutana na maji ya moto kwanza vinaganda kwenye uzi.

Kisha joto la kuua: nyuzi 65 za Selsiasi kwa dakika 10, au nyuzi 71 kwa dakika 3, ndivyo mwongozo wa Uingereza unavyosema, pamoja na dakika za ziada za kuchanganya ili kila kipande kifikie joto hilo: 4 kwa mzigo wa kawaida, 8 mashine ikishindiliwa. Muda unahesabiwa maji yakiwa yamefika joto, siyo kuanzia kitufe kinapobonyezwa. Mashine inaweza kusema 71 huku maji ni 60; ingizeni kipimajoto cha kurekodi mara moja moja.

Sabuni ya kiasi, isiyo na klorini na isiyo na magadi makali. Magadi makali yanaila poliesta polepole.

Dawa ya kulainisha nguo ni marufuku. Inatandaza utando wa mafuta kwenye uzi, na uzi ulioziba haunyonyi.

Kukausha kwa joto la chini, nyuzi 60 kushuka, isipokuwa lebo iruhusu zaidi. Joto kubwa linaharibu nyuzi. Pasi isikaribie kabisa. Yakauke hadi ndani kabla hayajakunjwa.

Kuchunguza: pitisha kiganja kikavu. Dekio zima linakwaruza kidogo kwenye ngozi, kama linang'ang'ania. Linaloteleza kama hariri limekufa au limeziba. Kisha dondosha tone la maji. Likikaa juu kama shanga, kuna mabaki ya sabuni, nta ya sakafu au dawa ya kulainisha. Lifue mara mbili kwa maji ya moto bila sabuni yoyote, likiendelea hivyo litupwe.

Watengenezaji wengi wanataja mifuo 300 hadi 500. Hiyo ni bila klorini. Tieni alama ya tarehe kwenye lebo kwa kalamu isiyofutika siku ya kwanza, vinginevyo hamtajua dekio gani lina umri gani.

Mama_Toroli

Dobi umesahau velkro. Meno ya velkro kwenye fremu yanajaa nywele na manyoya, dekio linabanduka katikati ya chumba, mtu analirudisha kwa mkono. Kila wiki yakwanguliwe kwa brashi ngumu. Fremu na mpini vifutwe kwa dawa kila mwisho wa zamu, maana vinapita vyumba vyote bila kubadilishwa.

Mhasibu_wa_Wodi

Haya yote ni mazuri. Nipeni idadi ya kununua, kwa wodi ya vyumba 6 vya vitanda vinne vinne, kila kimoja na choo, korido mita za mraba 60. Deki mara mbili kwa siku.

Bapa45

@Mhasibu_wa_Wodi dekio moja linahudumia mita za mraba 20 hadi 25. Chumba cha vitanda vinne kina kama mita 35, weka mawili. Vyumba 6 mara 2 ni 12. Vyoo 6. Korido 3. Jumla 21 kwa mzunguko, 42 kwa siku.

Zidisha kwa tatu: seti moja inatumika, ya pili iko dobi, ya tatu iko rafuni. Ni 126. Ongeza sehemu ya kumi kwa dharura na yanayochakaa, agiza 140. Dobi wenu akirudisha baada ya siku mbili badala ya moja, zidisha kwa nne.

Najua namba inatisha. Lakini wodi yenye madekio 30 itafanya yale yaliyoandikwa mwanzo wa uzi: itayasuuza kwenye ndoo. Usimlaumu mfagiaji, hana la kufanya saa nne asubuhi boksi likiwa tupu.

KamuaKavu

Na rangi je? Sisi tuna rangi nne na kila zamu inazielewa kivyake.

Mama_Toroli

Mfumo wa hospitali za Uingereza ni nyekundu kwa vyoo na bafu, buluu kwa maeneo ya kawaida, kijani kwa jikoni, njano kwa vyumba vya kutengwa. Nchi nyingine zina mpangilio wao. Chagueni mmoja, ubandikwe kwenye toroli na dobini. Rangi ya dekio ikipauka hadi njano na kijani hazitofautishwi, shoneni utepe mpya ukingoni au liondoeni.

Rangi haifanyi dekio liwe safi, jamani. Buluu iliyotoka chumba cha kwanza haipaswi kuingia cha pili kwa sababu tu vyote ni "buluu".

NesiZamu

Damu. Naomba tuseme wazi, kwa sababu kuna wanaopitisha dekio la maikrofaiba moja kwa moja juu ya damu.

Zungushia eneo, vaa glavu, aproni na kinga ya macho kama kuna mruko. Vipande vya chupa viokotwe kwa koleo. Funika kwa karatasi au tambara la kutupa, nyonya, tupa kwenye mfuko wa taka za maambukizi. Osha kwa sabuni na maji. Ndipo klorini: kwa tone dogo, chini ya ml 10, ppm 500 hadi 600 inatosha kwa mwongozo wa Marekani, kwa kubwa, ppm 5,000 na kuendelea. Uingereza wanakwenda hadi ppm 10,000 kwa damu. Fuateni sera ya hospitali yenu na msichanganye mbili. Acha muda wa lebo upite, futa, suuza ili klorini isibaki ikila sakafu. Mwisho kabisa ndipo dekio la kawaida linapita, na hilo linakwenda dobi peke yake.

Mdau_Mpya

Sakafu yetu ya vinili inanata baada ya deki. Viatu vinalia. Tumeongeza sabuni haisaidii.

KemiaYaNdoo

Kwa sababu sabuni ndiyo inayonata. Dekio bapa linaacha maji kidogo sana, kwa hiyo kinachobaki kikikauka ni sabuni tupu, na inadaka vumbi la kesho. Punguza hadi kipimo cha lebo, au chini kidogo kwa siku za kawaida. Kwanza ondoa tabaka lililopo: maji ya vuguvugu matupu, dekio lililolowa vizuri, mara mbili au tatu, ukibadilisha kila chumba. Ukiona povu linatoka sakafuni bila kutia sabuni, ujue bado lipo.

Michirizi ni kesi nyingine: dekio limechafuka kabla chumba hakijaisha, au mistari haipandani. Na dekio likigoma kusukumika kama lina gundi, mara nyingi ni kavu mno. Wengi wanaongeza nguvu ya mkono, wanaua mabega. Ongeza ml 20 kwenye kulowesha.

Maji magumu yenye chokaa yanaacha ukungu mweupe. Hapo sabuni iwe ya maji magumu, na suuza ya dobi iongezwe moja.

Kijiji_Zahanati

Wakuu, hapa hakuna mashine ya kufulia, madekio ya maikrofaiba ni manane. Tuyaache?

Bapa45

@Kijiji_Zahanati msiyaache. Yatengeeni chumba cha kujifungulia na chumba cha vidonda, dekio moja kwa kila chumba kwa kila mpigo, mfue kwa mkono mkiwa na glavu nzito kwenye maji ya moto na sabuni, msuuze hadi maji yawe meupe, myaloweke kwenye dawa isiyo klorini kwa muda wa lebo, myaanike kwenye kamba juani hadi yakauke kabisa. Yasianikwe juu ya ukingo wa ndoo au kulazwa chini.

Maeneo mengine endeleeni na dekio la kawaida, lakini kwa ndoo mbili ikiwa ni sabuni tu: ya sabuni na ya kusuuzia. Dekio linatoka sakafuni, linakwenda ndoo ya kusuuzia, linakamuliwa, ndipo linarudi kwenye sabuni. Mkitia dawa, ndoo zinakuwa tatu: sabuni, maji ya kusuuzia, dawa. Maji yabadilishwe yakionekana machafu, na hata yasipoonekana, kila saa moja au mbili na kila mtokapo chumba cha mgonjwa aliyetengwa. Ndoo zioshwe, zigeuzwe chini juu zikauke. Ndoo inayolala na maji inachafua kila kitu kesho asubuhi.

Mhasibu_wa_Wodi

Tunajuaje kwamba mfumo unafanya kazi? Macho yanaona sakafu inang'aa tu.

NesiZamu

Kung'aa ni nta. Pakeni nukta za jeli ile isiyoonekana inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno (UV): nyuma ya mlango, chini ya gurudumu la kitanda, kona ya choo, katikati ya chumba. Siri, kabla ya deki. Baada ya deki pitisheni taa. Nukta ikibaki nzima pale nyuma ya mlango, dekio halikufika. Zikiwa zimesambaa kama mkia, dekio lilifika ila lilikuwa limejaa.

Kipimo cha ATP, kemikali iliyomo kwenye seli hai, nacho kipo, ila kinaonyesha mabaki ya kikaboni, siyo idadi ya vijidudu, na mabaki ya klorini yanaweza kushusha namba ikaonekana nzuri. Linganisheni chumba hichohicho wiki hadi wiki, kwa kifaa kilekile.

Dobi_Mkuu

Na kipimo cha bure: hesabuni madekio yanayofika dobi. Wodi inayotakiwa kutumia 42 kwa siku ikituma 17, hakuna haja ya taa.

Mama_Toroli

@Dobi_Mkuu tupe hiyo hesabu kila Jumatatu kwa karatasi, ikiwa imegawanywa kwa rangi. Nyekundu zikifika chache kuliko idadi ya vyoo, tujue vyoo gani tuanze navyo.

Dobi_Mkuu

Itakuja. Ila mifuko ifungwe juu, siyo kukunjwa tu.